Miaka 46, Ndiyo Kwanza Anaanza

Mnamjua Allen Doyle? Ni mcheza gofu wa Marekani. Aliingia gofu ya kulipwa mwaka 1995, akiwa na miaka 46! Kabla ya hapo alicheza ya ridhaa tu. Hata upigaji wake ulichekesha: mkono haupandi juu, kama anacheza hoki, maana alijifulia ndani, kwenye chumba chenye dari ya chini.

Wakongwe kule wana mashindano yao, unaruhusiwa ukifikisha miaka 50. Doyle alipofikisha tu, balaa! Mwaka 1999 akabeba ubingwa wa PGA wa wakongwe, kisha 2005 na 2006 akashinda mashindano ya wazi ya wakongwe ya Marekani. Mara ya pili alikaribia miaka 58, na hakuna aliyeshinda akiwa mzee kuliko yeye hadi 2023, Bernhard Langer alipofanya hivyo akiwa na 65.

Nimemkumbuka kwa sababu ya shosti wangu wa Kilosa. Mumewe, miaka 46 hiyo hiyo, anataka kuacha ajira akatembeze watalii Mikumi. "Utu uzima huo, si ananitafutia njaa?" Namwelewa, ada za shule hazisubiri ndoto za baba. Ila Doyle hakuota tu, kwenye ridhaa alikuwa anashinda kweli.

Basi shosti, umri wake uache. Muulize mbuga anaijua kiasi gani, na akiba iliyopo itawavusha miezi mingapi. Akijiumauma, hapo ndipo umnunie.