Simu ya Upepo na Vijana wa Muthurwa

Wako wanenao kwamba mwenye simu mkononi hahitaji kitu kingine. Msomaji, usiwasadiki. Tarehe 25 Juni 2024 intaneti ilikatikakatika Kenya nzima, na simu nyingi zikawa vioo vya kujitazamia. Ni wangapi waliokuwa na njia ya pili?

Njia hiyo ipo. Redio ya ridhaa hupeleka maandishi hewani: kompyuta hugeuza herufi kuwa milio, mtambo huirusha, na mtambo wa mbali huirudisha kuwa herufi. Haidai mnara wala umeme wa mji. Betri na sola vyatosha. Ni ya polepole, tena haina siri, maana kanuni zake hukataza kuficha maneno. Lakini “Tu wazima, leteni maji” yahitaji siri gani?

Wala si jambo geni Muthurwa, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli. Habari za treni zao zilipita katika waya kwa nukta na vistari. Wajukuu wao waambiwe leo kwamba ufundi huo si wao? Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za Kenya kwa kawaida huanza na 5Z4. Mwulize mwalimu wako wa fizikia kwa nini shule yenu haina hata moja.