Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito, Tuhesabu Maji Kwanza

Siku ya tisa baada ya upasuaji, mama mmoja mkazi wa kata ya Kitaji, mjini Musoma, alinipigia simu. Alikuwa amepunguzwa tumbo la chakula jijini Dar es Salaam, kisha akarejea nyumbani kwa basi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu akauliza bila kuzunguka: "Daktari, hivi mlilikata kweli hili tumbo, au mlifungua mkafunga? Mbona maji yanapita kama zamani?" Nilimhakikishia kwamba lilikatwa. Hakuridhika. Siku mbili baadaye alifikishwa hospitali akiwa hawezi kusimama bila kuona giza, na mkojo wake, ule mchache uliopatikana, ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Alikuwa ameacha karibu kabisa kunywa maji. Aliogopa kwamba maji yanayopita kirahisi yangelitanua tumbo na kumharibia upasuaji aliouuzia ng'ombe.

Kosa hilo halikuwa lake. Wodini, kila asubuhi, nilisimama kando ya kitanda chake nikamwuliza swali lile lile: "Unasikia tumbo limebana?" Kwa kuuliza hivyo nilimfundisha, pasipo kukusudia, kwamba kubana ndiyo dalili ya mafanikio. Naamini wengi wetu tunaofanya kazi hii tunauliza swali hilo, na naamini tunapaswa kuliacha, walau katika majuma ya mwanzo.

Katika upasuaji unaofanyika zaidi siku hizi, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula na kubakiza mrija mwembamba. (Lugha yetu hapa inatupa taabu kidogo: "tumbo" ni sehemu yote iliyo chini ya kifua, na "tumbo" pia ni mfuko upokeao chakula. Ndiyo maana majirani husema fulani "amekatwa utumbo", ilhali utumbo wake haukuguswa.) Siku za kwanza kuta za mrija huo huwa zimevimba kwa sababu ya jeraha, na mgonjwa anaweza kuhisi kwamba funda moja tu limemjaa hadi kifuani. Uvimbe unapopungua, aghalabu ndani ya juma moja au mawili, maji huanza kupita kwa urahisi. Maji hayahitaji kusagwa. Hushuka na kuingia utumboni upesi, na mrija huo hujimwaga haraka kuliko tumbo la awali. Zaidi ya hayo, mishipa ya fahamu iliyoguswa na upasuaji haitoi habari sahihi kwa muda. Kwa hiyo mtu asiyesikia kubana siku ya tisa hajashindwa, wala tumbo lake halijatanuka. Kubana kwenyewe kutajulikana baadaye, atakapofikia vyakula vizito kwa ruhusa ya daktari wake.

Dhana ya kubana, kwa maoni yangu, tumeirithi kutoka kwenye upasuaji wa zamani wa kufunga mkanda kuzunguka sehemu ya juu ya tumbo. Pale kubana kulikuwa ndiyo kazi yenyewe: daktari aliongeza maji ndani ya mkanda ukakaza, akayapunguza ukalegea. Upasuaji wa sasa hufanya kazi kwa njia nyingine pia. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, na homoni za shibe kutoka utumboni huongezeka. Mkanda umekwisha kuachwa na madaktari wengi duniani, lakini swali lake limebaki midomoni mwetu.

Jambo lililo hatari katika majuma haya ni upungufu wa maji mwilini. Ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitalini mapema. Figo huumia, na damu inayokuwa nzito huganda kwa urahisi zaidi, miguuni na hata katika mishipa ya tumboni. Kiu nayo si kipimo cha kutegemea, kwa kuwa kichefuchefu huweza kuifunika.

Lengo la kawaida ni kufikia lita moja na nusu kwa siku, yaani chupa tatu za nusu lita, isipokuwa kwa mgonjwa wa moyo au wa figo aliyepangiwa kiasi kingine. Siku mbili tatu za mwanzo si rahisi kufika huko, na hapo dripu ya hospitali husaidia. Chupa tatu humtisha mtu ambaye funda linamkwama. Basi mpeni kijiko. Kijiko kimoja kikubwa cha mezani, chenye mililita 15, kila baada ya dakika 10, hutoa mililita 90 kwa saa. Kwa saa 15 za kuwa macho ni zaidi ya lita moja na robo. Anayeweza zaidi atumie kikombe kidogo cha kahawa, kile cha vijiweni, akinywe taratibu kwa nusu saa. Maji yawe yamechemshwa, hasa kwetu tunaochota ziwani. Supu ya sato iliyochujwa, bila mifupa wala mafuta mengi, nayo huhesabika. Soda haifai, kwa kuwa gesi yake humtesa mgonjwa.

Safari inastahili neno lake. Kutoka Dar es Salaam hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 1,000, na kila abiria wa basi anajua mbinu ya kutokunywa ili asiombe kuteremka. Kwa mgonjwa huyu mbinu hiyo ni sumu. Asisafiri kabla hajaweza kunywa vizuri, na akisafiri awe na chupa yake mkononi, ateremke na kutembea kila basi linaposimama. Konda akinung'unika, anung'unike.

Nyumbani kuna jaribu jingine. Mgeni wa Mara hapokewi kwa kijiko cha maji. Ugali wa muhogo na samaki huwekwa mezani, na anayekataa huonekana amedharau. Yupo pia mgonjwa anayetaka "kulijaribu" tumbo lake kwa tonge moja aone kama litabana. Kidonda cha ndani hakijakaza. Tonge likikwama litaleta maumivu na matapishi, na matapishi yatamwondolea maji aliyoyahangaikia. Ndugu waelezwe mapema, tena waelezwe na sisi, wasiachiwe mgonjwa kazi ya kugombana na shangazi zake.

Upasuaji huu sasa unafanyika nchini mwetu, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, inautoa pamoja na huduma ya puto. Hivyo muuguzi wa zahanati ya Bunda au Butiama anaweza kumpokea mgonjwa wake wa kwanza wa aina hii wakati wowote. Ningependa amwulize: umekunywa kiasi gani tangu jana, umekojoa mara ngapi, mkojo una rangi gani, unatumia dawa zipi? Swali la mwisho lina uzito wake. Yule mama aliendelea kumeza dawa ya shinikizo la damu yenye kuongeza mkojo, kipimo kile kile cha kabla ya upasuaji, huku hanywi. Dawa hizo, na za kisukari, zinahitaji kupimwa upya mara moja. Daiklofenaki, tunayoitoa kwa kila maumivu, isitolewe hapa.

Kama mgonjwa ametapika kwa siku kadhaa, apewe vitamini B1 kwa sindano kabla ya dripu ya glukosi, kwani glukosi bila vitamini hiyo inaweza kuudhuru ubongo. Asiingizwe mrija wa puani bila ushauri wa daktari wa upasuaji. Unaweza kutoboa mshono. Na mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika akiwa amepumzika, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, maumivu ya bega la kushoto, au kupumua kwa shida, yasihesabiwe kuwa uchovu wa safari. Huenda mshono unavuja au damu imeganda mapafuni. Huyo apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere kule Kwangwa au Bugando siku hiyo hiyo, huku daktari aliyempasua akipigiwa simu.

Kumpigia kunahitaji namba, na mara nyingi karatasi ya ruhusa haina. Ile aliyoibeba mama wa Kitaji ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja, nami ndiye niliyeisaini. Haikutaja maji hata mara moja. Siku hizi ninaandika ya pili kwa Kiswahili: jina la upasuaji, kiasi cha kunywa, dawa zilizosimamishwa, dalili za hatari, na namba inayopokewa usiku. Muuguzi wetu humpigia mgonjwa siku ya tatu, ya saba na ya 14 tangu aondoke, na swali lake la kwanza huwa ni chupa ya ngapi.