Swichi ya Milioni na Nusu, Nyumba Haina Dari

Mimi likizo yangu niliimalizia Mbinga, kwenye baridi ya milima ya Umatengo, na badala ya kupumzika nikajikuta msuluhishi wa ndoa ya watu. Kilichowagombanisha si simu, si nyumba ndogo, wala si mawifi. Ni swichi. Tena siyo swichi ya taa, ni swichi ya mtandao, ya kufanya muziki usikike vizuri sebuleni. Usicheke kwanza.

Mwenye nyumba ni mume wa rafiki yangu niliyesoma naye chuo kule Mwanza. Hapa atabaki kuitwa shemeji, kwa sababu Mbinga ni mji ambao ukitaja jina la mtu saa nne, saa sita mama yake ameshapiga simu kuuliza. Shemeji yuko ofisi za serikali, mkewe ni mwalimu wa sekondari, na pamoja wana shamba la kahawa walilolipanda mwaka waliooana. Nyumba wamehamia kabla haijaisha, kama tunavyofanya wengi wetu. Sakafu ina vigae vinang'aa, madirisha ya alumini yapo, dari bado. Ukiinua macho sebuleni unaona mbao na bati.

Sasa shemeji ni mgonjwa wa muziki. Ana amplifaya, ana spika mbili zinazomfika kiunoni, na kisanduku cha kuvutia nyimbo kutoka mtandaoni. Mtandao wenyewe unaingia kwa routa ya laini ya simu iliyobandikwa dirishani. Binamu yake anayefanya kazi Muscat alipokuja likizo alimletea swichi ya wapenzi wa sauti safi, akamwachia aijaribu. Makubaliano yalikuwa kwamba malipo ya kahawa yakitoka amlipe, asipoipenda airudishe. Bei ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu.

Kwa wale ambao hawajawahi kukiona kidude hiki, swichi ya mtandao ni kisanduku cha kugawa waya. Waya mmoja unaingia kutoka kwenye routa, mingine inatoka kwenda kwenye kompyuta, televisheni na redio. Za kawaida zinauzwa kwenye maduka ya kompyuta kwa pesa ambayo haiwezi kuvunja nyumba ya mtu. Hizi za "sauti safi" zinafanya kazi ileile, ila zimewekwa kwenye boksi zito la alumini, zikapewa saa maalum ya ndani na mara nyingine umeme wake wa peke yake. Na bei nayo ikapanda. EtherREGEN ya UpTone Audio ya Marekani iliingia sokoni kwa dola 640. QNET ya Nordost ilikuja na bei ya kama dola 3,200. Ndiyo, kwa kugawa waya.

Mkewe alijua kwa kuona meseji ya binamu ikiuliza, "Bro, kahawa imelipa?" Wakati huo yeye alikuwa ameshampigia fundi wa dari hesabu ya pesa hiyohiyo. Wakaanza kubishana, na shemeji akatoa lile neno, mbele yangu mimi mgeni: "Wewe huwezi kusikia tofauti, mama, huna masikio ya muziki." Jamani! Kumwambia hivyo mwanamke aliyeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia tangu yuko darasa la sita. Alinyanyuka akaenda jikoni, na sufuria zikaanza kuongea zenyewe.

Kabla sijaendelea na ugomvi, tuulizane kwanza: swichi inaweza kubadilisha sauti?

Wimbo wa mtandaoni haushuki kama maji ya bomba. Unakatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kimebeba namba yake na hesabu ya kukihakiki. Chukulia magunia ya kahawa yanayokwenda kiwanda cha kukoboa pale mjini. Karani anapokea gunia kwa namba na uzito. Akikuta limechanika analikataa, na linaletwa jingine lilelile mahali pake. Yakitimia yanapangwa ghalani, halafu mashine inakoboa kwa mwendo wake yenyewe. Mashine haijui kama lori lililoleta lilikuwa jipya linang'aa au ni lile la moshi mweusi. Kisanduku cha muziki kina ghala la namna hiyo. Kinaweka akiba ya wimbo, kisha kinaupiga kwa saa yake chenyewe. Swichi ni lori tu. Likifikisha magunia yote, limemaliza kazi.

Wauzaji wanalijua hili, ndiyo maana siku hizi hoja yao kubwa ni umeme mchafu, eti unapanda na waya mpaka kwenye amplifaya. Si upuuzi mtupu. Ila kila tundu la waya wa mtandao lina vitransfoma vidogo ndani yake, vinavyopitisha ujumbe bila kuunganisha umeme wa upande huu na ule. Kama spika zako zina mngurumo na unahisi unaletwa na waya wenye ganda la chuma la kinga, weka wa kawaida usio na ganda hilo, au tumia Wi-Fi. Ni dawa ya bei ndogo. Mwaka 2020 Amir Majidimehr, mhandisi wa Marekani aliyewahi kuwa mkubwa Microsoft, aliipima ile EtherREGEN kwa mashine za kupimia sauti. Alitazama kinachotoka mwishoni, pale namba zinapogeuzwa kuwa muziki. Hakupata tofauti.

Lakini ukimwambia hayo mtu ambaye ameshasikia tofauti kwa masikio yake, umemwita mwongo. Na shemeji si mwongo. Ukishaambiwa kidude ni cha dola mia sita, unakaa kitako, unanyamaza, unasikiliza kuliko ulivyowahi kusikiliza, na kwa mara ya kwanza unakisikia kile kigitaa cha nyuma ambacho kilikuwepo siku zote. Anachokihisi ni cha kweli, ila hakitoki kwenye boksi. Nilimwambia rafiki yangu asithubutu kutumia neno "umetapeliwa". Mwanaume ukimwambia hivyo mbele ya mgeni, atanunua na ya pili.

Tukafanya hivi. Mke alikaa nyuma ya pazia na swichi mbili, ile ya kawaida na ile ya Muscat. Kila raundi alirusha shilingi: ikilala kichwa anachomeka hii, ikilala upande wa pili anachomeka ile, anaandika kwenye daftari. Shemeji kwenye kochi, wimbo uleule mmoja, sauti haiguswi, anasema tu ni ipi. Raundi 10. Mtu anayebahatisha kabisa atapata kama 5. Akipata 9 au 10 mimi ningeanza kushtuka, maana kubahatisha kiasi hicho hutokea kama mara moja tu katika mia.

Raundi ya kwanza ilitumaliza. Mke alichomoa waya, na kabla hajachomeka wa pili shemeji akapaza sauti: "Hiyo! Hiyo ndiyo yenyewe, sikilizeni besi!" Wakati huo hakukuwa na swichi yoyote. Waya ulikuwa mkononi mwa mwalimu, na muziki unaendelea kutoka kwenye ile akiba niliyowaambia. Mwalimu alinitazama, mimi nikatazama bati. Raundi hiyo tuliifuta, na kuanzia hapo tukawa tunaanzisha wimbo upya kila mara.

Alipata 6 kati ya 10.

Na hapa ndipo nilipompenda zaidi rafiki yangu. Hakucheka, hakusema "si nilikwambia". Alifunga daftari akasema, "Mume wangu, masikio yamechoka, tunywe chai." Habari ya ile raundi ya waya mkononi alimwambia wenyewe chumbani, na niliambiwa asubuhi kwamba alicheka yeye mwenyewe mpaka machozi, na kwamba lile neno la masikio ameliombea radhi. Wapenzi wasomaji, mkishinda ubishi nyumbani, shindeni namna hiyo. Kisanduku kimerudishwa kwenye boksi lake, kinamsubiri binamu.

Haya, sauti mbaya ilikuwa inatoka wapi? Maana mbaya ilikuwa kweli, shemeji hakuota. Kwanza tulifungua mipangilio ya programu. Spotify, iliyofika Tanzania Februari 2021, ina ngazi ya kama kilobiti 320 kwa sekunde kwa anayelipia, na ngazi ya chini kabisa ni kama 24. Ya kwake iliachwa ijichagulie, kwa hiyo kila routa ya dirishani ilipokosa nguvu, wimbo ulishushwa ngazi bila taarifa. Yaani mtu ananunua swichi ya milioni ili kubeba wimbo ambao umeshakamuliwa njiani! Tuliweka hiyo ya 320. Hiyo inakula kama megabaiti 144 kwa saa, basi nyimbo anazozipenda azipakue usiku mtandao ukiwa mtulivu. Anayelipia anaruhusiwa hadi nyimbo 10,000 kwa kila kifaa.

Pili ni chumba chenyewe. Simama katikati ya sebule yako upige kofi moja. Ukisikia mlio unajibu kama uko ndani ya tenki, huo ndio muziki wako unavyotendwa. Vigae chini, saruji ukutani, bati juu, kila sauti inarudi mara tatu. Tulitandika mkeka na zulia mbele ya spika, mwalimu akatoa mapazia mazito aliyokuwa ameyahifadhi, na spika tukazivuta kutoka kwenye kona karibu nusu mita. Besi iliyokuwa inavuma kama lori mlimani ikawa ngoma. Ngoma hasa, ya mganda, yenye mwanzo na mwisho. Shemeji alisimama katikati ya wimbo akauliza tumebadilisha nini. Hii hakuhitaji pazia wala daftari.

Tatu ni hiyo dari. Novemba mvua zikianza Mbinga, nyumba ya bati tupu huwezi kusikia hata anayekuomba chumvi mezani, sembuse kigitaa cha nyuma. Dari ya jipsamu nayo hurudisha sauti kiasi, nisiwadanganye, lakini inapunguza mno kishindo cha mvua. Kwa hiyo katika nyumba ile, aliyekuwa anataka pesa itumike kwenye sauti bora alikuwa mama wa kwaya.

Kuna jambo moja wapenzi wa zilipendwa mnapenda kulisahau. Nyimbo nyingi za zamani zilirekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wamejazana chumba kimoja, maikrofoni za kuhesabu. Kisichoingia kwenye utepe siku ile hakuna waya wa dunia hii utakaokirudisha. Na wala hatukipungukiwi. Jumamosi tuliteremka Mbamba Bay, kilomita kama 66 za lami na kona, mtandao unapotea na kurudi. Nyimbo zilizopakuliwa usiku hazikukatika hata mara moja. Ufukweni tulikula mbasa wa kuchoma, kispika kidogo kimewekwa juu ya ndoo, kikipiga kwaya za Kapteni John Komba, mwana wa huku ziwani aliyefariki mwaka 2015. Sauti ya kile kispika ilikuwa ya kawaida kabisa. Mtu na mkewe walicheza mchangani mpaka wavuvi wakapiga makofi.

Kwa ninyi mnaojenga, hili niliambiwa na fundi mmoja wa kompyuta pale Mbinga na nimeona lina akili. Kama dari haijafungwa, huu ndio wakati wa kupitisha waya wa mtandao juu, kutoka mahali routa inaposhika vizuri hadi sebuleni na chumbani. Chukua Cat 6 wa shaba tupu, ukwepe ule wa alumini uliopakwa shaba, na usizidishe mita 100 kwa kipande kimoja. Swichi ya kawaida ya matundu matano inatosha familia nzima. Na radi ikianza, kwa radi za huku, chomoa kila kitu ukutani.

Barua zenu kuhusu mawifi wanaohamia bila taarifa nimezipokea, tena ni nyingi! Tukutane mwezi ujao.