Frateri, Umekuja Kunitafuta?



Tangu mwaka huu wa masomo uanze, utume wangu wa Jumamosi umekuwa katika jumuiya ndogo ndogo moja pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Kigango sitakitaja, maana kosa ninalotaka kulieleza ni langu kwanza, la wengine baadaye. Tunakutana saa kumi jioni chini ya mwarobaini, nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja kwa zamu. Kazi yangu ni kuongoza tafakari ya Injili ya Jumapili, kufundisha nyimbo na, kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka, kushika daftari la mahudhurio.

Mahudhurio yalikuwa mabaya. Jumuiya ina kaya 22, lakini tulikuwa tunasali watu 8 au 9, wengi wao wazee na watoto. Nilipouliza wengine wako wapi, jibu lilikuwa lile lile kila wiki: mnadani. Lilitamkwa kwa sauti ambayo mtu angeitumia kusema kilabuni. Nami nikaichukua sauti hiyo bila kuihoji, mimi ambaye kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa nafundishwa kuhoji kila kitu.

Kwa msomaji asiyeijua Dodoma: mnada wenyewe ni wa Msalato, kaskazini mwa jiji, kwenye barabara ya kwenda Arusha, upande ule ule wa uwanja mpya wa ndege wa kimataifa. Unafanyika kila Jumamosi. Jina linasema mnada, na kweli ng'ombe, mbuzi na kondoo wanauzwa hapo, lakini ukifika utakuta pia mitumba, majembe, vyungu, vitanda, kuku waliofungwa miguu, dawa za mizizi, mahindi, uwele, alizeti, na moshi wa nyama choma unaouona kabla hujashuka kwenye daladala. Tangu Serikali ihamie Dodoma, magari ya watu wa mjini ni mengi. Wao huja kula nyama na kupunga upepo. Watu wa jumuiya yangu huja kuuza.

Hilo la kuuza sikulijua. Nililijua Jumamosi moja ambayo hatukuwa na utume, tulipopewa ruhusa ya kutoka na mwenzangu tukaenda kutafuta viatu vya mtumba. Tulikuwa tunapita kwenye mstari wa akina mama waliotandika maturubai chini, jua kali, vumbi likituingia machoni, nikasikia mtu anacheka kwa aibu. Nikageuka. Alikuwa mama wa jumuiya yangu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake karanga, mafungu ya nyanya na mlenda mkavu uliosagwa. Nitamwita mama wa mlenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Frateri, umekuja kunitafuta?"

Alikuwa anatania, lakini si sana. Mkono wake ulishaanza kuvuta khanga kufunika bidhaa, kama vile nimemfumania. Alidhani nimekuja na daftari.

Lazima nieleze kuhusu daftari. Katika jumuiya yetu kuna utaratibu kwamba asiyehudhuria mara tatu mfululizo bila taarifa hapati sahihi ya mwenyekiti kwenye fomu za sakramenti mpaka "arekebishe mahudhurio". Mama huyu analea mjukuu wa miezi saba. Mama wa mtoto, binti yake, anafanya kazi za ndani Dar es Salaam na ndiye aliyeomba mtoto abatizwe. Fomu ilikwama. Ilikwama kwa sababu mbele ya jina la bibi palikuwa na alama za kutokuwepo, moja baada ya nyingine, zote za kalamu yangu. Nilikuwa nimezisoma kwa sauti mbele ya watu, na sikukumbuka kuuliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa mantiki angeuliza: je, kutokuwepo kunathibitisha nini?

Niliomba kukaa. Mwenzangu akaendelea kutafuta viatu, mimi nikapewa ndoo nyingine. Nilikaa pale kama saa mbili, na nikiri kwamba nilijifunza mambo ambayo maktaba haikunifundisha.

La kwanza ni la fedha. Mimi ni mtoto wa mwalimu. Nyumbani kwetu hela iliingia mwisho wa mwezi, na Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Kwa mama wa mlenda hela inaingia Jumamosi. Siku nyingine anachuma, anaanika, anatwanga, anachambua karanga. Akikosa Jumamosi moja amekosa wiki nzima. Na wanunuzi wenye fedha, wale wa mjini, huanza kufika mchana na huondoka jua likizama. Saa kumi jioni, saa yetu ya rozari, ndiyo saa yake ya kupata au kukosa. Mtu akimwambia aondoke saa tisa ili awahi jumuiya, anamwambia alipie ushuru wa eneo, aanike jua la mchana kutwa mgongoni, halafu arudi na mzigo.

La pili ni la kipimo. Mnadani karanga hupimwa kwa sado, na sado hudanganya. Wapo wanaobonyeza kitako cha kopo ndani ili lijae upesi. Kwa upande wa pili, mkulima naye huibiwa kwa lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kichwa, ambalo sheria ya vipimo inalikataza na bado linaonekana. Kwa hiyo nilitazama mikono ya yule mama. Sado yake ilikuwa na kitako sawasawa. Aliijaza, akaisawazisha kwa kiganja, akaimimina kwenye mfuko wa mteja. Halafu akachota konzi moja zaidi akaongeza. Nyongeza. Mteja hakuwa ameomba.

Nikamwuliza kwa nini, maana konzi za nyongeza zikijumlishwa mwishowe zinafika sado. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini tunasalimiana. "Sasa aondoke hivi hivi?"

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndiko masomo yangu yaliko. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba mabadilishano ya haki yanadai usawa, na kwamba fedha ni kipimo cha kulinganisha kazi ya mjenzi na ya mshona viatu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaendeleza hoja hiyo katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, lote likihusu udanganyifu katika kununua na kuuza. Anauliza mambo ambayo ungedhani ameyaokota Msalato: je, ni halali kuuza kwa bei kubwa kuliko thamani? Je, muuzaji analazimika kutaja kasoro iliyojificha? Vipi kuhusu vipimo vinavyotofautiana mahali na mahali? Na anatoa mfano wa mfanyabiashara anayepeleka nafaka mahali penye njaa huku akijua kwamba wengine wako nyuma yake wanakuja na nafaka zaidi, na bei itashuka. Je, awaambie wanunuzi? Tomaso anajibu kwamba haki haimlazimishi kusema, lakini akisema, au akipunguza bei, atakuwa na fadhila kubwa zaidi.

Nilipousoma mfano huo muhula uliopita niliuona kama mlango mdogo wa pembeni, jibu la kukwepa. Haki imetimia, sasa hiyo "fadhila kubwa zaidi" inatafuta nini? Nilipoiona ile konzi nilielewa. Sado iliyosawazishwa kwa kiganja ni haki. Konzi inayofuata haina sheria wala deni. Mama wa mlenda hajawahi kumsikia Tomaso, na kwenye daftari langu alikuwa mtoro.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeshapewa. Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu na aliyeilea jumuiya hiyo kabla sijazaliwa, alisema hivi: "Frateri, leo ni mnada, kesho itakuwa mpira, kesho kutwa harusi. Sala itabaki na nani?" Si hoja ya kupuuza. Wapo kweli wanaokwenda mnadani kunywa, na mnada una vilabu vyake na wezi wake. Wapo pia ambao hata tungesali Jumanne usiku wasingekuja. Lakini sidhani kama mzee na mimi tunabishana kuhusu sala. Tunabishana kuhusu saa kumi. Maaskofu wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973, walitaka maisha ya Kanisa yajengwe katika jumuiya za mahali ambapo watu wanaishi na kufanya kazi kila siku. Kama watu wanafanya kazi mnadani Jumamosi, basi saa ile tuliyojipangia sisi ndiyo iliyohama mahali pa watu.

Kuhusu fomu ya ubatizo sina ulaini wa namna hiyo. Kanuni ya 868 ya Sheria ya Kanisa inataka ridhaa ya wazazi, angalau mmoja wao, na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Mama wa mtoto ameridhia. Bibi anasali na mjukuu mgongoni kila Dominika, Misa ya kwanza, nimemwona kwa macho yangu. Mtoto wa miezi saba haadhibiwi kwa karanga.

Jibu jingine linatoka upande wetu wa seminari. Frateri akionekana mnadani watu watasema nini? Watasema, kweli. Mmoja alishasema kwamba nimekwenda kula nyama, na sikatai kwamba harufu ilinisumbua. Papa Fransisko mwaka 2013 aliwaambia mapadre wawe wachungaji wenye harufu ya kondoo. Msalato harufu ni ya mbuzi zaidi, na haitoki kwenye shati mpaka Jumatatu. Lakini sisi wa falsafa tunaipenda mno hotuba ya Paulo pale Areopago, tunaichambua kama vile alishushwa pale moja kwa moja kutoka mbinguni. Aya chache tu kabla, Mdo 17:17, Luka anasema Paulo alikuwa akijadiliana sokoni kila siku na waliokutana naye. Waliomsikia huko ndio waliompeleka Areopago.

Sisemi utume wa seminari uhamishiwe mnadani, wala kwamba tukahubiri kwa vipaza sauti kati ya wauza mitumba, ambao tayari wanavyo vya kutosha. Nasema frateri aliyetumwa kwenye jumuiya inayoishi kwa mnada aende mnadani mapema, mwezi wa kwanza, kabla hajashika kalamu. Aende na hela kidogo ya kununua kitu. Na asishindane bei na bibi wa mafungu ya nyanya mpaka ashuke shilingi mia mbili, halafu arudi bwenini akijisifu. Hilo pia nimelifanya, na nyanya zenyewe tulizisahau kwenye mfuko zikaoza.

Mwenyekiti amekubali tuitishe kikao cha kaya zote Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, kujadili siku ya jumuiya na kanuni ya sahihi. Mimi nitapendekeza Ijumaa jioni. Sijui kama itapita. Waalimu na wafanyakazi wa ofisini wana sababu zao za kutoitaka. Nimeomba pia kwamba daftari likae na mtu mwingine, na kwamba mama wa mlenda apewe nafasi azungumze mwenyewe badala ya kuzungumziwa na mimi. Nilimpelekea ujumbe kupitia kwa jirani yake. Amejibu kwamba atakuja, ila nimhakikishie tena kama kweli ni Jumapili.