Msaada wa Majuma Mawili

Kila mwaka, mwezi wa Julai uingiapo, hushuka katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa makundi ya vijana wa shule kutoka Uingereza na nchi nyingine za ng'ambo. Umri wao ni miaka 16 au 17. Wamevaa fulana za rangi moja, walimu wao wametangulia mbele, na mizigoni mwao mna kalamu, mipira na peremende za kugawa. Wamekuja kujitolea. Watakaa majuma mawili. Watainua ukuta au watapaka darasa rangi, watacheza na watoto, watakwenda Tsavo kutazama ndovu, kisha watarejea kwao. Husifiwa huko watokako, na husifiwa huku wafikako. Mimi nataka kusema neno ambalo kwa ajili ya adabu halisemwi mbele yao. Safari hiyo, kwa jinsi ifanywavyo, si msaada. Ni masomo ya mgeni, na sehemu kubwa ya karo yake hulipwa na mwenyeji.

Sisemi hivi kwa chuki. Vijana hao nimekaa nao, na wengi wana mioyo safi. Wako waliooka keki wakaziuza, na walioosha magari ya majirani mwaka mzima ili wapate nauli. Kijana wa namna hiyo hana lawama kwangu. Lawama yangu ni juu ya watu wazima, wa kwao na wa kwetu, waliomwambia kwamba mikono yake isiyojua kazi ndiyo iliyokuwa ikingojewa Afrika.

Nilifundisha zamani katika shule moja ya msingi huko Kwale. Likizo ndefu ya Waingereza huangukia Julai na Agosti, na Julai kwetu ni mwezi wa masomo ya muhula wa pili. Basi likizo yao ilikuwa kazi yetu. Wageni walipofika, watoto wa darasa la sita walitolewa katika hesabu wakaambiwa wachote maji na kubeba mchanga, kwa kuwa wageni hawakuweza jua la saa sita. Na kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kutolewa darasani ili wajifunze wimbo wa makaribisho. Katika majuma yale mawili nilipoteza vipindi tisa. Wimbo waliujua vizuri sana. Sehemu za desimali hawakuzijua, na mtihani haukuuliza habari za wimbo.

Palikuwa na mzee mmoja pale kijijini, fundi wa kuashi kwa mawe ya matumbawe, ambaye ndiye aliyejenga madarasa ya kwanza. Mwaka ule hakuitwa, maana kazi imepata watu wa bure. Alikuja akaketi chini ya mwembe na vijana wake wawili aliokuwa akiwafundisha, akawatazama wageni wakipanga mawe bila timazi. Baadaye aliniuliza, "Mwalimu, huko kwao watoto hawa hupewa shule wajenge?"

"Sidhani, mzee," nikamjibu.

"Hata mmoja wao hakuniuliza mimi ni nani," akasema, akaondoka na vijana wake.

Swali lake halijapata jibu mpaka leo. Hakuna mzazi wa London ambaye angekubali mwanawe asome chini ya paa lililoinuliwa na vijana wa Kwale waliokuja likizoni. Kwa nini basi lililo hatari kule liwe hisani huku?

Nitaambiwa kwamba mgeni ameondoka lakini darasa limebaki. Ni kweli, limebaki. Lakini chukueni kalamu, wasomaji, mkadirie nauli ya vijana 20 na walimu wao, kuja na kurudi, pamoja na malazi na safari ya kutazama wanyama. Kisha kadirieni ujira wa mafundi watatu kwa mwezi mmoja na bei ya saruji na mabati. Hesabu hii ni ya darasa la sita, na wale wanafunzi wangu wangeiweza kama wangeachwa wakae darasani.

Wala nchi hii haikungoja mtu wa kuijengea shule. Jomo Kenyatta alipoliita taifa kwa neno Harambee mwaka 1963, wazazi walitoa kuku, mbuzi na senti zao, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee zilizidi kwa idadi zile za serikali. Kuta zake nyingi hazikuwa nzuri, nakiri. Lakini mtoto aliyesoma ndani yake alijua ni nani aliyemjengea.

Hata wageni wenyewe wamekwisha kuonyana. Mwaka 1958 Alec Dickson alianzisha Uingereza chama cha VSO, na wa kwanza kupelekwa ng'ambo walikuwa vijana waliotoka shuleni karibuni. Baadaye chama hicho kiligeuka kikatafuta watu wenye ujuzi. Mwaka 1968 kasisi Ivan Illich alisimama huko Cuernavaca, Meksiko, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakienda vijijini kusaidia, akawaambia waje kutazama na kusoma, lakini wasije kusaidia. Maneno yalikuwa makali, na safari hazikupungua.

Lililo baya zaidi ni makao ya watoto. Wengi wa watoto wanaoitwa mayatima wana mzazi aliye hai, aliyeshindwa na umaskini. Mgeni hufika, humkumbata mtoto, humzoesha, na siku ya 14 hupanda basi. Juma lifuatalo huja mwingine. Na kwa kuwa wageni huja na fedha, yuko mtu atakayehakikisha kwamba vitanda havikosi watoto. Serikali ya Kenya ilisimamisha uandikishaji wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto katika malezi ya jamaa. Shule ya ng'ambo inayopanga safari ya namna hiyo hata sasa haiwezi kusema haikuambiwa.

Na sisi je? Mwalimu mkuu anayeacha ukuta bila rangi ili wageni wa Julai wapate cha kupaka, huyo ni mwenzetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe siku ya kwanza, tunampiga picha nalo, kisha tunalilima shamba upya akisha kuondoka.

Siombi wageni wafukuzwe. Waje, ila waje kama wanafunzi. Wamlipe fundi ujira wake, wamshikie uzi na kumkorogea chokaa, awaonye wanapokosea. Wajifunze Kiswahili cha kuombea maji. Nawe msomaji, Julai ikifika ukaitwa kwenda kusimama foleni uimbe, mwendee yule kijana wa rika lako mwenye fulana, mwambie kwa adabu kwamba saa nne una kipindi cha hesabu, na kwamba dawati lako lina nafasi ya mtu wa pili.