Kusoma Si Kutamka Tu

Wazazi wengi hufurahi sana wamsikiapo mtoto akisoma kitabu cha Kiingereza kwa sauti, bila kukwama. Furaha hiyo ni halali, lakini haitoshi, maana ulimi waweza kwenda mbio na akili ikabaki nyuma. Kwa kanuni ya shule za Kenya, mtoto hufundishwa kwa lugha ya kwao au Kiswahili hata darasa la tatu. Tangu darasa la nne, hesabu na sayansi humjia kwa Kiingereza. Asiyefahamu asomayo atashindwa na hesabu hata akijua kujumlisha, kwa sababu hakuelewa ameulizwa nini. Mahindi yameuzwa ili apate sare na vitabu, miaka imepita, naye hana faida.

Je, maswali ya mwalimu hayafichui jambo hili? Si kila mara. Tazama maneno haya niliyoyabuni: "Mazungwe yalidweta mtoni alfajiri." Mazungwe yalifanya nini? Yalidweta. Wapi? Mtoni. Lini? Alfajiri. Umepata alama tatu, ndugu msomaji, wala hujui zungwe ni mnyama au ni chombo! Ndivyo wanafunzi wengi wajibuvyo: hulitafuta neno la swali kitabuni, kisha hunakili lililo kando yake.

Shida hii si ya kwetu peke yetu. Mwalimu mmoja Mwingereza, Michael West, aliyefanya kazi Dacca katika nchi ya Bengal, aliichunguza katika miaka ya 1920. Aliona kwamba vitabu vilikuwa na maneno mageni mengi mno, yaliyosongamana. Akatunga vitabu vyenye maneno machache yatumikayo sana, na kila neno jipya likarudiwa mara nyingi. Mwaka 1953 alitoa orodha ya maneno ya Kiingereza yapatayo 2,000 yenye manufaa zaidi. Wataalamu waliomfuata wamekadiria kwamba msomaji hufahamu vema akiwa anajua maneno kama 98 katika kila 100 ya ukurasa. Basi kitabu chenye maneno mageni kumi katika mistari mitano si kipimo cha bidii. Ni mzigo uliopita nguvu za mtoto.

Yafaa mwalimu afanye nini? Kwanza, kabla ya kufungua kitabu, azungumze na wanafunzi juu ya habari yenyewe. Kama ni habari ya treni, nao hawajaiona, awaonyeshe picha. Pili, aeleze mapema maneno machache ambayo pasipo hayo habari haifahamiki. Tatu, awaache wasome kimya, maana asomaye kwa sauti mara nyingi hushughulika na matamshi tu. Nne, aulize "kwa nini" na "wajuaje", maswali yasiyojibiwa kwa kunakili.

Nasi wazazi tunayo kazi, hata tusiojua Kiingereza. Jioni, mtoto amalizapo ukurasa, mwambie afunge kitabu akusimulie habari ile kwa lugha ya nyumbani. Akisimulia vizuri, amefahamu. Akinyamaza, usimpige wala usimcheke. Arudie ukurasa polepole, na kesho yake umpelekee mwalimu habari, ili ampatie kitabu kilicho rahisi zaidi.