Gari la Wagonjwa, na Mtu wa Kukaa Nyuma



Wiki hii tumekuwa tukirudia kusoma simulizi la Msamaria Mwema katika sura ya 10 ya Injili ya Luka. Si masomo ya Dominika yaliyotupeleka huko, bali ni kikao cha Halmashauri ya Walei cha Jumapili iliyopita. Wengi wenu mlikuwepo, na ambao hawakuwepo wamekwisha kusikia, maana katika milima hii habari hutembea haraka kuliko barua ya Paroko. Hoja ilikuwa moja tu: parokia ichange na kununua gari la wagonjwa. WAWATA wamekwisha kutoa ahadi zao, UWAKA wanaongeza, na jumuiya ndogo ndogo zimeanza kuulizana zitapangiwa kiasi gani. Sisi tulinyamaza karibu kikao kizima, na mwishoni tukaahidi kutoa maoni yetu kwa maandishi. Ndiyo haya.

Maoni yetu ni kwamba tusianze na gari.

Tunajua kwamba neno hili litawaudhi baadhi yenu, hasa wale ambao mama zao, wake zao au watoto wao wamebebwa kwa machela kutoka mabondeni, mvua inanyesha, wabebaji wakipokezana kila baada ya kilima. Tunawaomba mtuvumilie hadi mwisho.

Miaka kadhaa iliyopita, tukiteremka kutoka Soni kwenda Mombo saa za jioni, wakati malori ya mboga yanapoanza safari ya Dar es Salaam, tulikuta watu wamekusanyika kwenye kona. Kijana wa bodaboda alikuwa amelala kando ya barabara, na bati alilokuwa amepakia lilikuwa limemkata paja. Watu walipoiona kola yetu walitufungulia njia. Tulipiga magoti, tukatoa kichupa cha Mafuta ya Wagonjwa, tukampaka, tukasali naye. Alikuwa na fahamu, akaitikia Amina. Damu iliendelea kutoka. Mama mmoja alitupatia kitenge chake, nasi tukakiweka juu ya lile jeraha kwa staha, kama mtu anavyofunika, si kama mtu anavyobana. Mwingine alimnywesha maji. Kisha ikasimamishwa pikapu, vijana wanne wakamnyanyua kwa mikono na miguu, kichwa kikining'inia, wakamlaza juu ya magunia matupu. Sisi tulifuata nyuma tukiwa na rozari mkononi. Hakufika akiwa hai.

Tabibu aliyempokea hakutulaumu. Alisema kwa sauti ya chini tu, kama mtu anayezungumza na mzazi wake, "Padre, lile lilikuwa jeraha la kubanwa. Kiganja, kwa nguvu, bila kuachia, mpaka mfike."

Hatujutii sakramenti, wala hatutaijutia kamwe. Lakini mtu yule tuliyempatia mafuta ndiye huyo huyo tuliyemnyima kiganja, na mikono yetu miwili ilikuwa palepale, mizima, haina kazi nyingine. Mwili wa mtu mzima una damu ipatayo lita 5. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zinatosha kummaliza. Kutoka pale hata gari zuri kupita yote nchini lisingeweza kumrudishia kile alichokwisha kukipoteza barabarani.

Sasa mrejee Msamaria. Luka, ambaye mapokeo yanatuambia alikuwa daktari, hakuyapanga matendo yake ovyo. Msamaria anamwona mtu, anamhurumia, anamkaribia, anamfunga majeraha akiyatia mafuta na divai. Hayo yakiisha ndipo anampandisha juu ya mnyama wake. Baadaye ndipo inakuja nyumba ya wageni, na dinari mbili, na ahadi ya kulipa kitakachozidi. Mnyama ana nafasi yake katika habari hii, nasi hatumdharau, lakini amekuja baada ya kitambaa na mafuta. Kikao chetu cha Jumapili kilirukia moja kwa moja kwa mnyama. Tulijadili bei yake, chakula chake na nani atamshika hatamu. Hakuna hata mmoja wetu, na sisi tukiwemo, aliyeuliza ni nani atakayekuwa amepiga magoti kando ya majeruhi.

Mnazijua njia zetu. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita zipatazo 33 za lami yenye kona zisizohesabika, na mvua za masika zikizidi mawe hushuka barabarani. Hiyo ndiyo njia nzuri. Anayetoka Mtae, au Mlalo, au vijiji vya ndani upande wa Bumbuli, anaanza na udongo kabla hajaiona lami. Mgonjwa akiandikiwa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bombo mjini Tanga, mbele yake kuna zaidi ya kilomita 150. Saa zote hizo mgonjwa yuko mikononi mwa nani? Mara nyingi tumeona wenyewe: mbele yupo dereva, nyuma wapo ndugu wawili na chupa ya chai, na pengine muuguzi aliyetolewa wodini akawaacha wagonjwa wengine bila mtu. Muuguzi huyo tunamheshimu sana. Lakini kazi ya wodini yenye taa na meza ni kazi moja, na kazi ya kumhudumia mtu ndani ya gari linaloyumba gizani ni kazi nyingine, nayo ina mafunzo yake.

Kuhusu magurudumu, taifa letu limekwisha kupiga hatua ambayo inafaa isemwe wazi. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mjini Dodoma mwezi Aprili 2022 na Rais Samia Suluhu Hassan, umewawezesha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura kupata usafiri kwa kupiga simu namba 115 bila malipo. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo, dereva wa kawaida aliyeandikishwa huitwa na kulipwa kwa simu. Ni mpango wa busara, kwa kuwa umetumia magari yaliyopo vijijini badala ya kungoja yasiyokuwepo. Ila dereva yule ni dereva. Mama akianza kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, yeye anaweza kukaza mwendo tu. Mtu aliyefundishwa angekaa nyuma akilikanda tumbo la uzazi lijikaze, akimfunika asipate baridi, akihesabu mapigo ya moyo na kuyaandika, ili mkunga anayempokea asianze na maswali.

Huyo ndiye mhudumu wa tiba ya dharura. Si daktari, wala hajifanyi daktari. Anajifunza mambo machache na kuyarudia mpaka mikono iyafanye hata akili ikiwa na hofu: kuifungua njia ya hewa, kumsaidia mtu kupumua, kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika kabla ya kumwinua majeruhi, kuinyoosha shingo na mgongo visipinde, kumzalisha mama njiani mtoto akikataa kungoja. Anajifunza pia lipi asifanye, na katika vijiji vyetu hilo peke yake lingeokoa watu. Tumeshuhudia majeruhi wakikalishwa kwa nguvu, wakimwagiwa maji, wakinyweshwa chai, wakivutwa kwa mguu uliovunjika, yote kwa upendo wa kweli kabisa.

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya nchi tajiri. Historia yenyewe haisemi hivyo. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, miaka ya 1960, wagonjwa walibebwa na magari ya polisi, na katika miji mingine ya nchi ile magari ya kubebea maiti ndiyo yaliyobeba pia walio hai. Daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa njia ya kumrudishia mtu pumzi na mapigo ya moyo, alifiwa na binti yake mdogo kwa pumu mwaka 1966. Mwaka uliofuata ulianzishwa utumishi ulioitwa Freedom House katika mtaa wa watu weusi maskini, na Safar akawafundisha vijana ambao wengi wao hawakuwa na ajira, na ambao jamii ilikuwa imewahesabu kuwa hawana faida. Walisoma kwa saa zipatazo 300. Wakaanza kuokoa watu waliokuwa wakifa zamani, na mtaala ambao Daktari Nancy Caroline aliuandika alipokuwa akiwaongoza ukaja kutumika kwa nchi nzima. Mwaka 1975 mji uliichukua kazi ile mikononi mwake, na wengi wa vijana wale wakasukumwa pembeni. Sehemu hiyo ya mwisho nayo tuikumbuke, tutaifikia.

Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Jirani zetu wa Kenya wana kada hii, nayo inafundishwa vyuoni. Jijini Mwanza, shirika la Tanzania Rural Health Movement liliwafundisha waendesha bodaboda na askari wa zimamoto huduma ya kwanza, wakawa wanaitwa kwa ujumbe wa simu ajali inapotokea. Pale Muhimbili, idara ya tiba ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kuwafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mlango wa hospitali, basi, umeanza kupata watu wake. Ni njia iendayo mlangoni ambayo bado ni yatima. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, pale Magila Gereza, Korogwe, chini ya milima yetu hii, lori liligongana na basi dogo lililokuwa na wafiwa wakisindikiza mwili kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Watu 17 walifariki usiku ule, na wengine kujeruhiwa. Waliofika kwanza kwa majeruhi katika ajali za namna hiyo huwa ni watu kama ninyi na sisi, wenye tochi za simu na mikono isiyofundishwa.

Vijana wetu wanapomaliza kidato cha nne wanaomba uuguzi, utabibu, maabara, famasia. Tumewaandikia barua za utambulisho zisizo na idadi. Hatujamwona hata mmoja aliyerudi parokiani na cheti cha tiba ya dharura. Hapa tunalisema hili kwa Kanisa kabla ya kulisema kwa Serikali. Kanisa letu lina Chuo Kikuu cha Afya cha Bugando kule Mwanza, lina Chuo Kikuu kishiriki cha Mtakatifu Fransisko kule Ifakara, lina hospitali na vyuo vya uuguzi karibu kila jimbo. Ndugu zetu Walutheri wana Bumbuli hapa hapa milimani. Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 iko chini ya shirika lililojipa jina la huyo huyo Msamaria Mwema. Kwa nini basi tumewekeza karne nzima katika nyumba ya wageni, na katika kile kitambaa cha barabarani karibu tusiwekeze chochote? Kozi ya cheti ya mwaka mmoja, yenye mazoezi ya kweli ndani ya magari na katika vyumba vya dharura, si jambo lililo juu ya uwezo wa vyuo hivyo.

Mzee mmoja wa Halmashauri, tulipomdokezea haya, alituuliza swali la haki: "Baba Paroko, wakisoma, nani atawaajiri?" Hapa ndipo wale vijana wa Pittsburgh wanaturudia. Kumfundisha kijana kazi isiyo na nafasi katika orodha ya mishahara ni kumdanganya. Kwa hiyo ombi linalopaswa kupelekwa kwa Baba Askofu, kwa Halmashauri ya Wilaya na kwa mbunge ni ombi lenye miguu miwili: chuo kifundishe, na kada itambuliwe na kulipwa. Tukiomba mguu mmoja tu, tutakuwa tumezalisha wachuuzi wenye vyeti. Hatuna jibu kamili zaidi ya hilo, na mzee wetu alituona hivyo.

Lakini si kila kitu kingoje mishahara. Shirika la Afya Duniani limetoa mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza kwa wanajamii, na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kinafundisha huduma ya kwanza tangu zamani. Makatekista wetu wanafika vigangoni kabla ya mtu yeyote. Vijana wa bodaboda wa Soni na Lushoto mjini wapo barabarani saa zote, na ndio wanaoanguka na ndio wanaookota walioanguka. VIWAWA wana nguvu ambazo tunazitumia kubeba viti tu.

Tunapendekeza, basi, michango iliyokwisha kuahidiwa isirudishwe wala isiende kwa muuza magari. Sehemu ya kwanza iwalipie mafunzo ya siku chache makatekista wote na bodaboda 30, wawe Wakatoliki, Walutheri au Waislamu, maana damu barabarani haiulizi. Sehemu ya pili itunzwe kwa ajili ya vijana wawili, msichana na mvulana, watakaosomeshwa tiba ya dharura mara itakapopatikana nafasi katika chuo kinachotambuliwa. Tukibaki na kitu, ndipo tuzungumze juu ya gari, na tutalizungumza kwa furaha.

Halmashauri itakutana tena Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, katika ukumbi wa shule. Tabibu yule aliyetuambia habari ya kiganja amekubali kuja na kutuonyesha jinsi ya kubana jeraha. Kila mwenye kitenge cha zamani aje nacho. Sisi tutakuwa wanafunzi wa kwanza.